Takataka Zifaazo Katika Udongo wa Matofali

Dutwa ni mji mdogo wa Usukuma, katika wilaya ya Bariadi, mkoa wa Simiyu, kando ya njia itokayo Bariadi kwenda Lamadi karibu na ziwa la Viktoria. Wakati wa kiangazi, pamba ikiisha kuchumwa na mpunga ukiisha kuvunwa, watu wengi wa nchi ile hushika kazi ya matofali. Udongo huchimbwa, hukanyagwa kwa miguu mpaka ulainike, hufyatuliwa kwa kalibu ya mbao, huanikwa, kisha matofali hupangwa kuwa tanuri na kuchomwa. Siku zizo hizo, mbali kidogo na tanuri, utaona vitu vingine ambavyo hakuna mtu aviangaliaye: chungu ya pumba nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, mabua ya pamba yaliyong'olewa shambani, vumbi la mawe yaliyopondwa kuwa kokoto, na vipande vya matofali yaliyoharibika mwaka jana. Vyote huitwa takataka. Katika somo hili tutaona ya kuwa baadhi ya takataka hizo zina kazi ndani ya tofali, kila moja kazi yake. Na ya kuwa nyingine hazipasi kabisa kuingia motoni, kwa maana zaweza kumdhuru mchomaji na watoto wake.

Kwanza yatupasa kuujua udongo wenyewe. Wasukuma tangu zamani ni hodari katika jambo hili, wala hawatosheki na kusema "udongo" tu. Chini ya vilima vya mawe, mahali palipoinuka, uko udongo wa kichanga uitwao luseni. Ukishuka kidogo wakuta itogolo, udongo mgumu usiopitisha maji upesi. Karibu na bonde uko ibushi, wenye vijiwe vidogo vyeupe vya chokaa. Na chini kabisa, mahali maji yatuamapo wakati wa masika, ndipo penye udongo mweusi wa mbuga. Katika miaka ya 1930 mtaalamu mmoja wa udongo, G. Milne, aliyekuwa akifanya kazi Amani katika milima ya Usambara, aliona ya kuwa katika Afrika ya Mashariki aina za udongo hufuatana hivi kutoka kilimani hata bondeni, kama pete za mnyororo, akaupa utaratibu huo jina la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Jina lile sasa hutumiwa na wataalamu wa nchi nyingi za dunia. Lakini mkulima wa Usukuma alikuwa amekwisha kuujua mnyororo huo kwa jembe lake.

Kwa kazi ya matofali luseni peke yake haufai, kwa kuwa mchanga haushikamani. Mbuga nao hushikamana mno, na hiyo ndiyo taabu yake. Udongo mfinyanzi umefanyika kwa vipande vidogo sana visivyoonekana kwa macho, vyembamba kama magamba ya samaki. Maji yakiingia kati ya magamba hayo, moja huteleza juu ya jingine. Ndiyo sababu udongo ulio maji hufinyangika, nao ukikauka hukataa. Wazee husema, "Udongo uwahi ungali maji," na kila mfinyanzi ajua ya kuwa neno hilo ni kweli tupu kabla ya kuwa mithali. Maji yakiisha kutoka, magamba hukaribiana, na tofali zima hupungua ukubwa. Sasa katika udongo wa mbuga maji hayakai kati ya magamba tu, bali huingia hata ndani ya gamba lenyewe likavimba. Kwa sababu hiyo mbuga hunasa magurudumu na miguu ya ng'ombe wakati wa mvua, na wakati wa kiangazi ardhi yake hupasuka nyufa ambazo mtu aweza kutia mkono mpaka kiwiko.

Tofali la mbuga tupu huyapata yayo hayo. Jua na upepo huukausha uso wake kwanza. Uso hujikaza, na ndani bado kumevimba. Basi hapana budi lipasuke. Watu wengine hudhani ya kuwa dawa ni kuzidisha maji au kukanyaga sana, lakini maji yakizidi, kupungua nako huzidi. Dawa ni kuupa udongo mifupa.

Mifupa ni kitu kigumu kisichonywa maji wala kuvimba. Vilima vya Usukuma vimejaa mawe ya itale, yaani graniti, na mahali pengi watu huyaponda kwa nyundo au kwa mashine ili kupata kokoto za zege. Zikiisha kuchekechwa kokoto, chini hubaki vumbi na chenga ambazo mjenzi hazitaki. Chenga hizi zikichanganywa na udongo mweusi husimama kati ya magamba kama nguzo: maji yakitoka, magamba hayawezi kukaribiana kupita kiasi, maana nguzo zimezuia. Tena huacha njia nyembamba ambazo unyevu wa ndani hupita kutoka nje, hata ndani na nje vikakauka pamoja. Yafaa vumbi lichekechwe kwanza kwa ungo mwembamba. Chembe kubwa hazifai, kwa kuwa katika itale mna jiwe gumu liitwalo kwazi, ndilo jiwe la mchanga wa kawaida, na kwazi lina tabia moja ya ajabu: likifika joto la nyuzi 573 za sentigredi huvimba ghafula, na likirudi chini ya joto hilo hunywea ghafula. Chembe ndogo haileti neno. Chembe kubwa hulivunja tofali. Ndiyo sababu mchomaji mwenye akili halifungui tanuri upesi kwa haraka ya kuuza, bali huliacha lipoe lenyewe siku kadha wa kadha.

Hapa natia onyo moja. Vumbi la mawe likiwa kavu huingia katika mapafu nalo halitoki tena. Mtu alivutaye miaka mingi hupata ugonjwa wa mapafu usioponyeka. Apondaye mawe na alimwagie maji jiwe lake, na achekechaye vumbi afunge pua na kinywa kwa kitambaa kilicholowa, akae upande wa upepo.

Mahali pasipo vumbi la mawe, matofali yaliyovunjika hufanya kazi ile ile, tena pengine kwa uzuri zaidi, kwa maana yalikwisha kupita motoni. Hayana tena la kupungua. Wafinyanzi wa nchi nyingi za Afrika hufanya hivi tangu zamani sana. Chungu kikivunjika hawakitupi chote. Huvitwanga vigae vyake na kuchanganya unga wake na udongo mpya, hata chungu kipya kina ndani yake mifupa ya chungu cha kale. Na huko Ulaya mifupa imetumiwa kweli, si kwa mfano. Mwishoni mwa karne ya 18, katika mji wa Stoke nchini Uingereza, mfinyanzi Josiah Spode alichoma mifupa ya ng'ombe, akaisaga kuwa unga mweupe, akaichanganya na udongo mweupe na jiwe lililosagwa. Karibu nusu ya tope lake lilikuwa jivu la mifupa. Vikombe vyake vilikuwa vyeupe na vyembamba, hata mwanga ulionekana kupitia, nao ni vigumu kuliko wengi wanavyodhani. Aina hiyo ya vyombo hufanywa hata leo. Katika nchi ya ng'ombe wengi kama Usukuma jambo hili lastahili kukumbukwa, ingawa vikombe vile vyataka tanuri la joto kubwa kuliko matanuri yetu ya matofali.

Udongo mweusi si wa Usukuma tu. India nayo ina nchi pana za udongo mweusi ambao hulimwa pamba, nao huvimba na kupasuka vile vile. India pia ina viwanda vingi vya umeme vichomavyo makaa ya mawe, na kila siku vyabaki na majivu mengi mno, membamba kama unga. Watu hawakuwa na mahali pa kuyaweka. Mwaka 1999 Serikali ya India ilitoa amri ya kuwa kila mfanya matofali wa udongo aliye ndani ya kilometa 50 kutoka kiwanda cha namna hiyo atie majivu katika udongo wake, yasipungue sehemu 25 katika mia kwa uzani. Katika udongo mweusi majivu hayo huwa mifupa, nao hupungua kupasuka. Na mahali yalipobaki na chembe za makaa zisizoungua, yalileta faida ya pili: tofali lilianza kujichoma lenyewe kutoka ndani.

Faida hii ya pili ilikwisha julikana zamani katika mji wa London. Katika karne ya 18 na ya 19 watu wa mji ule walipikia na kuota moto wa makaa ya mawe, na kila nyumba ilitoa majivu kila siku. Majivu yalikusanywa kwa magari ya farasi, yakarundikwa kuwa vilima, na watu maskini waliyachekecha. Majivu membamba, yenye vumbi la makaa ndani yake, yaliuzwa kwa wafanya matofali. Yalipakiwa katika mashua za matanga, yakapelekwa pwani ya Kent, yakachanganywa na udongo wa huko. Kisha mashua zile zile zilirudi London zimejaa matofali. Hivyo majivu ya jiko la mtu yaliweza kumrudia yakiwa ukuta wa jirani yake. Mchomaji wa Kent hakuhitaji moto mwingi nje ya matofali, kwa kuwa kila tofali lilibeba sehemu ya kuni zake ndani ya tumbo lake. Nyumba nyingi za London zilizojengwa kwa matofali hayo zasimama hata leo.

Katika Dutwa hapana majivu ya makaa ya mawe, lakini liko jambo liufanyalo ujuzi huu uwe wa maana kuliko ulivyokuwa London, nalo ni uchache wa miti. Bariadi ilikuwa sehemu ya mkoa wa Shinyanga mpaka mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012. Nchi ile yote ilikuwa imekatwa miti vibaya: ilikatwa kuwafukuza mbung'o, ikakatwa kupanua mashamba ya pamba, ikakatwa kwa kuni. Hali ilikuwa mbaya hata mwaka 1986 Serikali ikaanza mpango ulioitwa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Mpango huo haukuleta jambo geni, bali uliifufua desturi ya Wasukuma wenyewe, desturi ya ngitili. Ngitili ni malisho yanayofungwa kwa muda, mifugo isiingie, ili majani na miti viote na kuwa akiba ya wakati wa njaa ya ng'ombe. Kwa miaka iliyofuata zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa na miti. Sasa fikiri: tanuri moja la matofali hula shehena nyingi za magogo, na magogo hayo yatatoka wapi kama si katika miti hiyo iliyorudi kwa taabu? Mtu ajenge nyumba bora kwa matofali ya kuchoma, na kwa kuijenga aukate mti uliokuwa akiba ya ng'ombe wake. Hilo si jambo la kuchekea.

Basi tuzitazame pumba. Katika kila kilo 100 za mpunga, kilo 20 hivi ni pumba. Kilo ya pumba kavu hutoa joto lisilopungua sana joto la kilo ya kuni kavu. Mahali pengi katika Tanzania wachomaji wamekwisha kujifunza kuchoma tanuri kwa pumba badala ya magogo: huzimwaga kati ya matofali na kuzirundika pande zote, nazo huungua polepole siku nyingi bila mwali mkubwa. Hiyo ni njia moja. Njia ya pili ni ile ya London, yaani kuzitia pumba ndani ya udongo kabla ya kufyatua. Maranda ya seremala hufaa pia, na hata uchafu ubakio katika kiwanda cha kuchambulia pamba, yaani majani makavu, vumbi na nyuzi fupi zisizosokoteka. Maganda ya mbegu za pamba na mashudu siyataji, kwa kuwa hayo ni chakula cha ng'ombe, wala si takataka.

Pumba zilizo ndani ya tofali zikiungua huacha matundu madogo madogo. Tofali huwa jepesi, na kwa kuwa hewa iliyofungwa katika matundu haipitishi joto upesi, nyumba hupoa wakati wa jua kali. Jivu la pumba nalo halipotei. Kila kilo tano za pumba huacha kama kilo moja ya jivu, na sehemu yake kubwa ni silika, kitu kile kile kilicho katika mchanga. Lakini kila tundu ni upungufu wa nguvu, tena ni mlango wa maji. Mtu mwenye tamaa ya kuokoa kuni akizidisha pumba, atapata tofali jepesi kama mkate, nalo litanyonya mvua na kumomonyoka. Tena moto usipewe mbio. Pumba zikiwa bado kuungua na uso wa tofali umekwisha kuziba kwa joto kali, hewa haifiki ndani. Ukilivunja tofali hilo utaona moyo mweusi, na mahali palipo peusi ni dhaifu. Siku ya kwanza na moto uwe mdogo, mpaka mvuke uishe kutoka juu ya tanuri. Ndipo uongezwe kidogo kidogo. Mchomaji hana kipimo cha joto, ila ana macho yake: matofali yanapoonekana mekundu iva usiku, joto limekaribia nyuzi 800, yakigeuka kuwa na rangi ya chungwa yamepita 900, na hapo yatosha.

Mabua ya pamba nayo yana habari yao. Kanuni za kilimo cha pamba zataka mabua yang'olewe na kuchomwa kila mwaka baada ya mavuno, ili wadudu na magonjwa yasivuke kuingia katika msimu mpya. Kwa hiyo kila mwaka, katika kiangazi kile kile cha matofali, moto mkubwa huwashwa mashambani usiopika kitu wala kumwotesha mtu, na mbele kidogo mchomaji wa matofali hukata mti. Mabua huwaka upesi, hayadumu kama gogo. Lakini yafaa sana kwa kuwashia tanuri na kwa kuongeza mwali wakati pumba zinapofifia. Sharti ni moja: yaletwe tanurini na kuchomwa kwa wakati uliowekwa. Mtu akiyarundika nyuma ya nyumba akingoja mwakani, amewafugia wadudu nyumba.

Nimetaja ibushi na vijiwe vyake vyeupe. Udongo huu humdanganya mfyatuaji, kwa maana hufinyangika vizuri, hukauka vizuri, na hutoka tanurini ukiwa na sura njema. Matata huanza baadaye. Katika joto la tanuri kijiwe cha chokaa hugeuka kuwa chokaa hai, na chokaa hai hutamani maji. Tofali likiisha jengwa, unyevu wa hewa huingia polepole. Chokaa huunywa, huvimba, na kuusukuma uso wa tofali mpaka ukabanduka. Mwenye nyumba huona jicho jeupe katikati ya shimo dogo, kisha la pili, kisha ukuta mzima una ndui. Ajabu ni kwamba chokaa iliyosagwa ikawa unga mwembamba haina madhara hayo. Wafanya matofali wa Kent walitia unga wa chokaa katika udongo wao makusudi, na ndio ulioyapa matofali ya London rangi yake ya manjano. Kinachodhuru ni kijiwe kizima. Ukitaka kuujua udongo wenye chokaa, weka donge kavu katika kisahani, ulidondoshee siki au maji ya ndimu kali. Ukisikia linachemka na kutoa povu, chokaa imo. Mtu asiye na udongo mwingine na auchekeche, na matofali yakiisha kutoka tanurini ayazamishe katika maji muda kidogo, ili chokaa inywe maji yake upesi na kwa wingi kabla ya kujengwa.

Sasa nifike penye hatari. Katika mkoa wa Simiyu, kama katika mikoa mingine ya kanda ya ziwa, wako wachimbaji wadogo wa dhahabu. Jiwe lenye dhahabu husagwa kuwa unga, na dhahabu hukusanywa kwa zebaki. Unga ubakiao hurundikwa, nao kwa sura ni mzuri sana: mwembamba, umekwisha kusagwa, hauna bei. Mtu aliyesoma somo hili mpaka hapa aweza kusema, "Hii ndiyo mifupa niitafutayo." Asiuguse. Zebaki iliyobaki ndani yake huchemka katika joto la nyuzi 357, na tanuri hupita 800. Maana yake, kabla tofali halijaiva zebaki yote imekwisha kuwa mvuke na kutoka pamoja na moshi, na akaaye usiku kucha akichochea moto ndiye auvutaye. Mvuke huo hauonekani wala haunuki. Hudhuru ubongo na mafigo, na mtoto huudhuriwa kuliko mtu mzima. Wapo wasemao ya kuwa moto husafisha kila kitu. Neno hilo laweza kuwa kweli kwa wadudu wa homa, lakini kwa zebaki moto ni farasi wa kuipanda.

Karibu na Dutwa viko pia vilima vya Wamangola na Ngasamo, ambavyo udongo wake mwekundu na mawe yake yana nikeli. Kampuni ya Uingereza, African Eagle Resources, ilipima huko kwa kutoboa ardhi katika miaka iliyokaribia 2010, lakini haikufikia kuchimba mgodi. Katika madini ya namna hii nikeli ni kama sehemu moja tu katika mia. Sehemu 99 zilizobaki, ikiwa mgodi utachimbwa, zitakuwa taka za kutafutiwa mahali. Watu watauliza kama hazifai kwa matofali, na swali litakuwa la haki. Lakini udongo utokanao na miamba ya aina hiyo huwa na kromi pamoja na nikeli, na kromi ikichomwa pamoja na chokaa penye hewa nyingi yaweza kugeuka kuwa kitu kingine chenye sumu, kiyeyukacho katika maji ya mvua. Kwa hiyo taka hizo zisitiwe katika udongo kwa kukisia, wala kwa kuwa mwingine amezitia naye bado yu hai. Zipelekwe kwanza kwa wataalamu wenye vyombo vya kupimia, na hata tofali lililokwisha kuchomwa lipimwe tena, lisagwe, lilowekwe, na maji yake yachunguzwe.

Pumba, vumbi la itale na vigae havitaki vyombo hivyo, na wanafunzi waweza kuvijaribu wenyewe. Tengeneza kalibu ndogo ya mbao, urefu wake sentimeta 12. Chukua udongo wa mbuga mkavu, uuponde na kuuchekecha. Tofali la kwanza liwe la udongo mtupu. Kwa la pili pima vikombe vitatu vya udongo na kimoja cha vumbi la mawe lililochekechwa na kuloweshwa. La tatu liwe kama la pili, ila uongeze kikombe kimoja cha pumba. La nne liwe la udongo wa ibushi, vijiwe vyake visiondolewe. Fyatua matatu matatu ya kila namna, kwa maana tofali moja laweza kupasuka kwa bahati mbaya tu na kukudanganya. Katika uso wa kila tofali bichi chora kwa kisu mstari wa sentimeta 10 kamili. Yaanike kivulini, si juani, uyageuze kila siku.

Yakiisha kukauka pima mistari yako tena. Mstari wa sentimeta 10 ukiwa umebaki 9, udongo umepungua sehemu 10 katika mia, na huenda tofali limepasuka. La pili na la tatu yapungue kidogo kuliko hilo. Kisha mwombe mchomaji wa jirani ayapange matofali yako katikati ya tanuri lake, mahali utakapoweza kuyatambua. Yakiisha kutoka na kupoa, ligonge moja kwa jingine. Lililoiva hulia kama chuma; lenye ufa ndani hulia kama debe bovu. Vunja moja la tatu utazame kama lina moyo mweusi. Lipime uzani jingine likiwa kavu, ulizamishe katika maji siku nzima usiku na mchana, ulifute kwa kitambaa, ulipime tena. Likiwa lilikuwa gramu 1000 na sasa ni 1150, limekunywa sehemu 15 katika mia. Kwa matofali ya kawaida India imeweka mpaka wa 20. Lipitalo hapo lina kiu kupita kiasi, na kikombe chako cha pumba chataka kupunguzwa.

Tofali la ibushi usilitumbukize majini. Liweke chini ya upenu wa darasa, mahali pasipofikiwa na jua wala mbuzi, ulitazame kila juma kwa muda wa miezi miwili. Andika katika daftari siku uliyoliona jicho la kwanza jeupe.